Pamba Katikati ya Chinsaga

Harufu ya dawa ya pamba haikuwa mbaya kama watu wanavyodhani. Ilikuwa na utamu fulani, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ndiyo maana mimi na mdogo wangu Moraa hatukuiogopa. Ilitanda katika shamba letu la chini, mteremkoni karibu na Nyaramba, msimu ule baba alipong'oa migomba akapanda pamba. Mbegu alipewa na rafiki yake wa upande wa ziwani, ambako jua huwaka na ardhi hukauka. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Majirani walimwambia kwamba pamba hutaka kiangazi, akawajibu kuwa wao wanajua chai tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Hata leo nikikumbuka nakasirika, maana shamba lile lilitulisha mwaka mzima bila kudai chochote zaidi ya samadi.

Pamba ilirefuka ikanipita kimo, majani tele na matunda ya kuhesabika. Viwavi wakaingia. Baba akaazima pampu ya mgongoni kwa jirani, akawa anapiga dawa kila wiki, na wiki nyingine mara mbili, kwa sababu mvua iliiosha yote ikateremka mtoni. Maji ya kuchanganyia nilichota mimi chemchemini, ndoo baada ya ndoo. Nyuki wa mizinga ya babu walihama au walikufa, sijui. Tuliona tu mizinga mitupu. Nani angemuuliza baba habari za nyuki? Yeye alikuwa akiona weupe wa pamba ambao bado haujatokea.

Sasa, mwanamke wa kwetu akipalilia hang'oi chinsaga. Mboga hiyo chungu hujiotea yenyewe penye samadi, na jembe huizunguka kwa heshima. Mama alipalilia pamba vivyo hivyo, mpaka kati ya mistari pakawa na chinsaga nzuri kuliko pamba yenyewe. Alichoomba ni kuambiwa siku za kupiga dawa, asije akachuma. Baba alikubali. Lakini Ijumaa moja, shule zikiwa zimefungwa na mama yuko sokoni, aliona viwavi wamezidi, akaniagiza maji. Alipomaliza aliniambia, "Usimwambie mama yako, ataanza maneno." Kisha akanituma nirudishe pampu, naye akaenda zake. Mama alirudi mbiombio, kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia na chakula kilipaswa kuwa tayari kabla jua halijazama. Tulipopishana langoni alikuwa anaelekea shambani na kikapu. Nilikiona kikapu. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimekatazwa kusema, basi nikapita.

Niliporudi Moraa alikuwa ameshakula. Mama hakuwa ameonja, alikuwa akimngoja baba. Mtoto alikuwa anatokwa mate na jasho, tumbo limejikunja, anatapika mpaka hana cha kutapika. Tulikimbia naye hadi zahanati, mama akimbeba, mimi nikishika viatu. Muuguzi alitoka upande wa ziwani, hakujua Kikisii, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

"Mtoto amekula nini?" akauliza. Nikamwambia ni mboga.

"Kuna mtu alipiga dawa kwa shamba?"

Hilo sikumtafsiria mama. Nikajibu mwenyewe, "Baba alipiga leo." Mama akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia kwa lugha yetu, neno kwa neno, nikaona uso wake unavyobadilika. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Moraa alipona. Pamba haikupona: matunda yalipopasuka yalikutana na mvua, yakaoza mtini. Baba alirudisha migomba, nayo ilichukua miaka kunenepa tena pale.

Leo Moraa anafundisha shule moja huko Sironga na ana watoto wake. Mimi siichukii pamba. Gauni nililovaa ninapoandika haya ni la pamba, na kwenye ardhi inayoipenda, mtu akipima maji na dawa yake, ni zao la maana. Kinachonikera ni ule ukaidi, ardhi na maji na nyuki kutolewa bure, na baba kutowahi kukiri. Kwa miaka yote husema Moraa aliugua malaria. Mwaka jana uvumilivu uliniisha, nikamuuliza kwa nini alinikataza kumwambia mama.

"Kukukataza nilikukataza," akasema. "Lakini mdomo ulikuwa wako."

Nilitoka, nikaendesha gari hadi nyumbani. Nina binti wa miaka kumi. Nikimwambia anyamaze, ananyamaza.