Tetea wa Shukrani

Nilitoka Mbeya na basi la asubuhi kwenda kumweleza mama jambo moja: kwamba nataka kusoma mpaka shahada ya uzamivu. Maneno nilikuwa nimeyapanga kama ninavyopanga vifaa vya maabara ya sekondari ninayoitunza. Sayansi nilijifunza humo mwenyewe, nikisoma vitabu wanafunzi wakishaondoka, na shahada ya kwanza niliipata nikiwa tayari na mvi. Sasa mhadhiri mmoja alinitaka kwenye utafiti wake wa ugonjwa wa viazi. Miaka mitano, pengine sita, mbali. Mama ni mjane, na mtoto aliyebaki ni mimi. Bila ridhaa yake nisingekwenda.

Kijijini kwetu, karibu na Mafinga, nilikuta nyumba imejaa wageni. Nikasema nitamwambia kesho, baada ya ibada.

Ibada ilipoisha tulitoka nje kwa mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa aliinua tetea mweusi niliyemfahamu. Usiku alilala jikoni kwetu.

"Huyu ni wa shukrani! Mama yetu anamshukuru Mungu kwa mwanawe. Amemaliza masomo yote, sasa anarudi kujenga nyumbani!"

Vigelegele. Nilimtazama mama; alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili juu.

"Elfu ishirini mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Sijui mkono wangu uliinukaje. Mimi nisiyenunua hata kalamu bila kufikiri, nilisikia sauti yangu ikisema, "Thelathini!"

Uwanja mzima ulicheka. Kwetu mtu hununua sadaka ya jirani, akipenda akampa mchungaji. Sadaka ya mama yake hairudishi nyumbani.

"Jamani, huyu anamnyang'anya Mungu kuku wake!" alisema mwanakwaya mmoja. "Ndiyo usomi huo, kaka?"

Mama hakucheka. Njia nzima alitembea mbele, mimi nyuma na kuku kwapani. Tulipofika jikoni alimfunga kwenye mguu wa meza, akachukua ungo wa maharage.

"Umemrudisha kwa nini, baba? Sema."

"Sijamaliza, mama."

Nikamweleza. Maneno niliyoyapanga yalitoka ovyo, ya mwisho yakitangulia.

"Miaka sita," alirudia. "Na mimi unaniona nilivyo."

"Nakuona, mama."

Alichambua maharage, akatupa mabovu nje ya mlango.

"Jumapili ijayo namrudisha huyu kanisani."

Nilijua amekataa.

"Nitamwambia mzee atangaze upya," aliendelea. "Aseme mwanangu anaondoka, na aliyemwambia aende ni mimi. Wakicheka, wanicheke mimi."

Akanisukumia ungo.

"Chambua. Au na hili mpaka uende chuo?"

Nilichambua. Maharage mengine yalimwagikia miguuni pa kuku.