Masikio ya Mdogo Wake

Shuleni walimwita Spika, na jina likamganda. Alikuwa darasa la sita, hodari wa hesabu, pale mama yake, mfua nguo wa majumbani, alipoitwa na mwalimu mkuu kuhusu mdogo wa Spika, asiyesikia.

"Mama, tutampokea," alisema mwalimu mkuu. "Ila hatuna mwalimu wa lugha ya alama. Dada yake anaijua. Arudi darasa la nne, akae naye, amtafsirie."

Mama akamgeukia binti. "Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Utafanyaje?"

Angefanyaje? Akarudi kukaa na watoto aliowazidi kimo, mgongo kaupa ubao, uso kauelekeza kwa mdogo wake. Mwalimu akisema, mikono ya Spika inakimbia. Mwalimu akitania, darasa zima hoi kwa kicheko, kisha mdogo wake anacheka peke yake, baadaye, wenzake wakimkodolea macho. Swali alitafsiri, jibu akatafsiri, ndipo wenzake wakamwita Spika. Yeye mwenyewe hakuulizwa kitu, wala hakupata muda wa kuandika daftari lake. Wageni walipokuja, mwalimu mkuu alimwonyesha kwa kidole: "Hapa kwetu hatubagui." Wakampigia makofi.

Ukaja mtihani wa la saba. Msimamizi akawatenganisha, huyu kona hii, huyu kona ile. Matokeo yalipotoka, wote wawili wameanguka.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Spika, hasira zimempanda, akamwambia mdogo wake kwa vidole: "Nimepoteza shule kwa ajili yako."

Mdogo wake akajibu polepole, asije akaeleweka vibaya: "Sikukuomba. Mimi nani aliniuliza?"

Jibu hilo lilimchoma Spika, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Siku hizi mdogo wake anajifunza kwa fundi vigae, mji wa mbali, na salamu zake ni za nadra. Spika anafua majumbani, maana vidole vya mama vimekwisha kwa sabuni.

Juzi mwalimu mkuu alimkuta nyumbani kwao, kwenye karai. "Binti yangu, tumepata mtoto mwingine asiyesikia. Njoo utusaidie. Wewe una moyo."

Akajifuta povu. "Shikamoo, mwalimu. Tafuteni mwalimu."

"Tutamtoa wapi? Basi atabaki nyumbani."

"Sijui, mwalimu."

Mzee akaondoka kichwa chini. Mama, aliyesikia yote kutoka mlangoni, akauliza kwa nini amekuwa na roho ngumu hivyo. Spika akarudi kwenye karai. Alikuwa akimwaza mtoto yule, ambaye hata jina lake hakuliuliza, na shati lililokuwa mkononi akalisugua mpaka likachanika kwapani.