Mkasi "mbovu" wa Mzee Sefu wa Hamugembe, na mkono wangu wa kushoto

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea kabla hamjaniamkia, maana humu wengi ni wajukuu zangu.

Juzi kijana mmoja aliuliza mkasi gani wa saluni ni mzuri. Mkamtajia brand mpaka kichwa kikaniuma. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakata kwa mkono gani!

Ngoja niwape yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, nifungieni account.

Ilikuwa miaka ya sabini. Kijiji chetu kule Muleba kilishakuwa cha ujamaa, na kamati ikataka tuwe na mafundi wetu: wa baiskeli, wa cherehani, na kinyozi.

Kwenye ukinyozi nikajitokeza mimi, binti. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini wadogo zangu wote nilikuwa nawakata mwenyewe, na kazi hiyo niliipenda kupita kiasi.

Katibu wa kamati alikuwa Mwalimu, aliyenifundisha kuanzia darasa la kwanza. Akasema, "Aende Bukoba akajifunze. Akirudi ataanza na kichwa changu, mbele ya watu. Akiharibu, arudi kupalilia mibuni, na habari hiyo tusiisikie tena."

Sasa siri yangu. Mimi ni mashoto.

Na Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenichapa mkono wa kushoto mpaka nikaandika kwa wa kulia. Kwetu mkono wa kushoto humpi mtu kitu, seuze kumshika mkubwa kichwani. Kwa hiyo niliuficha.

Nikafikia mtaa wa Hamugembe, kwa Mzee Sefu, kinyozi. Babu yake alitoka pwani, mkewe Mhaya wa Maruku.

Wakuu, yule mzee alikuwa fundi! Mkasi mrefu ni wa kukata juu ya kitana, mfupi ni wa kuzunguka masikio. Afro akiizungusha inatoka duara kama chungwa. Na hakununua mkasi kabla ya kuutia vidoleni, kuufungua na kuufunga huku kafumba macho.

Mimi nikachagua mrefu kuliko yote, kwa sababu ndio alioutumia yeye. Ujinga mtupu.

Kwa mkono wa kulia, vichwa vya watu vilitoka na ngazi. Mzee akiondoka najaribu kwa kushoto, ndio balaa kabisa: mkasi unatafuna nywele, haukati. Wiki ya tatu nikajua narudi kwenye mibuni.

Siku moja mke wa mzee akanipa ebitoke, ndizi zetu za kupika, nimenye. Jikoni hakuna aliyewahi kunikagua, nikashika kisu kwa kushoto bila kufikiri. Maganda yakawa yanaanguka tu. Kuinua macho, mzee kasimama mlangoni!

Nikahamishia kisu mkono wa kulia haraka.

"Kirudishe," akasema.

Alinitazama nikimenya mpaka sufuria ikajaa. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkasi mfupi wa kupewa, uliofungwa kitambaa. Niliujua. Vinyozi wote pale waliuita mbovu, kila aliyeujaribu aliurudisha.

Akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa chake mwenyewe. "Kata. Kwa mkono huo uliomenyea."

Jamani, ule mkasi ulikata! Makali yake yamepangwa kinyume, ulitengenezwa kwa ajili ya mashoto. Nililia huku nakata, sioni haya kusema.

Mzee akajipapasa kisogo, akacheka. "Kumbe miaka yote nautukana mkasi wa watu. Sikiliza, mwanangu. Kula kwa kulia, toa kwa kulia. Kazi ifanye kwa mkono unaoijua. Na huu mfupi ndio wako, wewe unakata kidogokidogo kama unavyomenya."

Siku ya Mwalimu ikafika, kijiji kizima kipo. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikampa kioo kwa mkono wa kulia. Halafu nikashika mkasi kwa kushoto.

Watu wakaguna. Mwalimu akauona kwenye kioo.

"Huo mkono," akasema.

"Waitu Mwalimu," nikamwita kwa heshima ya Kihaya, "huu ndio unaojua kukata. Ukinikataza, naweka mkasi chini."

Mwalimu akakiweka kioo mapajani, akainamisha kichwa.

Nilimkata bila haraka. Alipojitazama, upande huu na upande ule, akawaambia watu, "Kinyozi tunaye."

Aliendelea kuja kwangu kila baada ya wiki mbili, mpaka mvi zikamjaa. Siku moja nampangusa shingo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ule mkono, nilikuumiza sana?"

Nilitaka kusema hapana, adabu si mnaijua.

"Uliniumiza, Mwalimu."

Akaushika kwa mikono yake miwili, na nywele zake bado zimeung'ang'ania. Akasema, "Nisamehe, mama." Mtu mzima yule, akaniita mama.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kuulizia mkasi, jichunguze. Unakata kwa mkono gani? Juu ya kitana au kwa vidole? Kwa pupa au kidogokidogo? Mkasi wa bwana mkubwa si lazima ukufae wewe.

Mashoto wenzangu humu, jitokezeni kwenye comments, tuhesabiane fimbo.

Na mwenye mtoto anayemenya kwa kushoto, mwacheni amenye.