Kizibo Kilichogeuka

Mama Sindano alikuwa na neno moja kwa kila aliyeshindwa naye drafti: bahati iko kwenye karata, hapa ni kichwa. Ukimwambia umeponzwa na bahati mbaya, alikucheka mpaka ukajuta kukaa. Walichezea vizibo vya soda, vyake kifudifudi, vya mpinzani chali. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba ukigeuza kizibo chako kwa uzembe, kinakuwa cha mwenzako. Mkono ovyo, alisema, ni akili ovyo.

Leo walikuwa wanagombea dirisha. Chumba cha kazi alikitumia pamoja na shemeji yake, fundi simu, mdogo wa marehemu mumewe, na tangu jirani ajenge ukuta, lilibaki dirisha moja tu lenye mwanga. Macho ya Mama Sindano nayo yalishaanza kumkimbia. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, pembeni kule gizani, angeshona nini, na angekula nini? Walibishana mpaka mama mkwe akachoshwa na kelele zao. Akawaamuru wacheze mbele yake, mara moja tu, atakayeshindwa ahame na mdomo aufunge.

Naye alikuwa anashinda. Alibaki na vizibo vitatu, shemeji viwili. Akasukuma kimoja, na alipokuwa anainuka, futi ya kupimia aliyoisahau shingoni ikaburura ubaoni. Kizibo chake cha kati kikalala chali.

Shemeji alikuwa amegeuka kumjibu mteja mlangoni. Mama mkwe alikuwa anasinzia. Kidole kimoja tu kingetosha kukirudisha, na kidole kilishafika. Mama Sindano aliogopa, tena aliogopa hasa, maana alijiona anaweza.

"Shemeji," alisema. "Kimegeuka. Ni chako."

Shemeji akautazama ubao, akamtazama yeye. Kisha akakirusha kile kizibo, kikala viwili vilivyobaki kwa mkupuo. Mchezo ukaisha.

Shemeji hakushangilia. Aliposhika cherehani ili waihamishe, aliiachia tena.

"Sema tu ilikuwa bahati mbaya, shemeji. Ukisema hivyo, tunarudia."

Mama Sindano aliliangalia dirisha. Hakuna kitu alichokitamani kama neno lile, na lilikuwa mdomoni tayari. Akaivua futi shingoni, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Shika upande huo," alisema. "Na taratibu, mguu mmoja umelegea."