Saba Tuliyoikanyaga kwa Miguu

Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Skuta, Nyeri, nikisukuma chapati, mjukuu wangu akauliza kutoka mezani, "Nyanya, saba mara nane ni ngapi?" Mguu wangu ulipiga sakafu kabla mdomo haujafunguka. Hamsini na sita. Akacheka, akataka kujua kwa nini nacheza. Basi nawe rafiki yangu, sogea, nikueleze.

Nilisomea kijijini Endarasha, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati kila mzazi aliamini kwamba mtoto wake atakuwa daktari. Asubuhi baridi iliuma masikio. Tulikatiza mashamba ya pareto miguu mitupu, umande ukitulowesha hadi magotini, tumboni tukiwa na uji wa wimbi na viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Darasa letu lilikuwa la mbao, ukuta hadi sakafu, na hesabu tuliiogopa kuliko kiboko.

Ndipo akaja mwalimu mpya, mama mchanga mwenye sauti ya kwaya. Siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni. Alitusimamisha. "Tupashe miguu moto kwanza," akasema. "Hiyo miguu iko na akili kuliko mnavyofikiri." Mguu, mguu, kofi. Mguu, mguu, kofi. Miguuni tuliita swali, saba mara mbili, saba mara tatu, kwenye kofi tukatoa jibu, na sakafu ikavuma kama ngoma. Jioni tulichuma pareto kwa mdundo uleule. Nyanya yangu alisikiliza, akasema, "Mguu ukijua njia, kichwa hakipotei."

Kwenye dawati nilikaa na binti wa jirani yetu, aliyekuwa na kigugumizi. Walimu waliotangulia walimpigisha magoti wakidhani hajui kitu. Lakini mdundo ukianza, ulimi wake ulifunguka, na muda si muda yeye ndiye aliyetuongoza.

Kisha mkaguzi wa shule akafika kutoka Nyeri mjini. Kishindo chetu alikisikia akiwa bado uwanjani.

"Mwalimu, hii ni shule ama ni arusi?"

"Ni hesabu, bwana."

"Ati hesabu? Hawa ni kasuku tu. Nikikuta hawajui, utahamishwa, nipate mtu wa kufundisha. Watoto, kaeni! Nisisikie mguu."

Tukakaa. Mwalimu alisimama kando ya ubao, mikono ameifunga nyuma. Kidole cha mkaguzi kikazunguka darasa, kikatua kwa jirani yangu wa dawati.

"Wewe. Nimepanda viazi mistari saba, kila mstari mashimo nane. Ni mashimo mangapi?"

Alisimama. "Ha... ha..." Midomo ilitetemeka. Mkaguzi akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Nilijua jibu analo. Sikungoja ruhusa. Nikapiga mguu chini ya dawati. Aliyekuwa nyuma yangu akapiga wake. Jirani yangu akainua kichwa, akakanyaga mbao kwa nguvu, akapiga kofi.

"Hamsini na sita!"

"Hiyo mmekariri," mkaguzi akasema. "Nikiongeza mistari, iwe kumi na tano?"

Hiyo hatukuwa tumeiimba kamwe. Jirani yangu akakanyaga polepole, macho juu. "Kumi ni themanini. Tano ni arobaini." Kofi. "Mia moja na ishirini!"

Mkaguzi akarudisha kalamu mfukoni. "Endelea, mwalimu," akasema. "Lakini funga madirisha, darasa la pili wanasoma."

Mwalimu alikaa nasi hadi tulipomaliza shule, na wengi wetu tulipita. Jirani yangu alikuja kuwa mwalimu wa hesabu huko Kianyaga. Kigugumizi hakikumtoka, na hakikumzuia.

Mwalimu wetu ameshafariki. Shule ile sasa ni ya mawe na saruji, safi, imara, na nilipopita mwaka jana watoto walikuwa wameinama kimya, kila mmoja na jibu lake. Siwalaumu, wanajua mengi kuliko sisi. Ila sijasikia tena mahali popote sauti ile ya darasa zima la watoto maskini, wenye baridi, wakijua jambo kwa pamoja na kulitamka bila woga.