Mistari Myeusi Msibani Kagongwa

Katikati ya mahubiri simu yangu ilitetemeka. Alikuwa binti wa marehemu, yuko ng'ambo, amekosa ndege, anatazama mazishi ya baba yake kupitia matangazo niliyokuwa nikiyarusha. "Dada, simwoni mayu," alisema. "Naona jeneza na wanaume tu. Mama yangu yuko wapi?"

Mama yake alikuwa mbele yangu, mkekani upande wa kushoto, pamoja na wanawake wenzake. Kamera ilimwona vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye kompyuta: nilikuwa nimeipanga programu itoe picha ya wima, maana huku karibu kila mtu hutazama kwa simu. Picha pana ya kamera ikazidi fremu, pembeni pakakatwa, na mjane akakatwa humo. Kosa langu, nakiri.

Mwenyekiti wa kamati ya msiba akanisogelea kuuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Achana nalo," akasema. "Mchungaji anaonekana, wazee wanaonekana, inatosha. Nilisema mimi, tungechukua fundi mwanaume kutoka Kahama."

Nikaigeukia kompyuta. Ningeigeuza kamera kwa mama, jeneza lingetoka, na binti alistahili kuwaona wazazi wake pamoja kwa mara ya mwisho. Kubadili fremu yenyewe kulitaka nizime matangazo kwanza, na kuzima sikutaka hata kusikia. Nikaishika picha kwenye pembe, nikaivuta ndani mpaka upana wote ukaenea. Watu wakawa wadogo. Juu na chini pakabaki weusi mtupu.

"Mbona umeharibu?" mwenyekiti akanong'ona kwa hasira. "Hayo meusi yaondoe."

"Nikiyaondoa, mjane anaondoka nayo. Siyaondoi, Baba."

"Kwani wewe umeajiriwa na nani?"

"Na huyu." Nikampa simu, binti akiwa bado kwenye laini.

Hata pale nilipokuwa nimesimama nilimsikia binti akilia. "Nimemwona mama. Amejitanda shali niliyomtumia. Tafadhali Baba, msiguse kitu."

Mwenyekiti akanirudishia simu, akaenda kukaa kwenye kiti chake, ndani kabisa ya picha.

Rekodi ile bado ninayo. Wenzangu wa kazi hii hunishauri niikate pembeni, ijae skrini, ipendeze. Sikati.