Viatu vya Mama vya Kwenda Bergen

Ujumbe wa dada ulinikuta Balangdalalu, nikiendesha trekta la mwenye shamba mmoja na kubeba alizeti. Aliandika kwamba tikiti zimepatikana, ya mama na yangu, na kwamba mama anunuliwe viatu vya kutembelea. Baada ya dakika chache ukaja ujumbe wa pili: "Viwe laini, lakini viwe na sura pia. Si vya shambani."

Dada anaishi Bergen, mji wa Norway uliokaa kwenye milima na mvua. Alikwenda huko kusoma akiwa binti mdogo, akapata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, akabaki. Kila mwaka alisema atarudi, na kila mwaka tuliitikia.

Mama hakuwa na hamu ya kuona Ulaya. Hakuuliza habari za maghorofa wala treni. Alitaka kitu kimoja tu, apite kwa miguu yake njia ambayo dada hupita kila asubuhi kwenda kazini. Wengine nyumbani walimcheka, lakini mimi nilijua ni tabia yake ya siku nyingi. Dada zangu wawili wakubwa waliolewa upande wa Dongobesh, na kila mmoja, mama alimfuata miezi michache baada ya harusi, akaamka naye alfajiri, akaenda naye kuteka maji na kurudi. Hakuuliza chochote kuhusu ndoa. Aliangalia tu watu wanavyomsalimu binti yake njiani. Wanasimama au wanapita? Wanamuuliza habari za kwao au wanaguna tu? Akirudi nyumbani, kijijini kwetu Daudi, alikuwa na jibu lake. Kuhusu wa kwanza alisema, "Yule amekaa." Kuhusu wa pili alisema, "Yule bado mgeni," na kweli yule wa pili alihangaika miaka mingi. Kuhusu huyu wa Bergen mama hakuwahi kusema neno. Akiulizwa alijibu, "Njia yake sijaiona."

Kwa hiyo viatu vilikuwa jambo kubwa.

Mimi na mama tulikutana Katesh siku ya mnada. Tulizunguka mpaka tukafika kwa mwanaume mmoja mnene mwenye koti zito, aliyekuwa amepanga raba za mtumba juu ya turubai.

"Shikamoo mama. Unatafuta cha kanisani au cha harusi?"

"Marahaba. Natafuta cha Ulaya."

"Ulaya? Basi nikupunguzie bei, maana hivi unavirudisha kwao!"

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. Akachambua kwa muda mrefu, akabakiwa na jozi mbili zilizoingia mguuni. Moja ilikuwa nyeusi, pana, soli nene inayobonyea kama godoro. Nyingine ilikuwa rangi ya damu ya mzee, nyembamba kwa mbele, soli nyeupe, kamba nyeupe. Ilikuwa nzuri kweli. Hata wanawake wawili waliokuwa wakichagua magauni pembeni waligeuka kuitazama.

"Vyeusi vitakubeba mama," alisema muuzaji. "Hivi vyekundu vitakupendeza. Chagua mwenyewe, mimi sitaki lawama."

"Vyeusi ni vya mgambo hivi. Nikavivae huko watu wamuulize mwanangu, mama yako amekuja kulinda benki?"

Mnadani hukanyagi vumbi na kiatu ambacho hujakinunua. Muuzaji ana soksi moja wanayovaa wateja wote, na kipande cha boksi cha kusimamia. Mama akavaa ile soksi, akaingiza mguu, akasimama juu ya boksi ameinua kidevu kama mtu anayepimwa uzito kliniki.

"Vinabana?" nikamuuliza.

"Vinanishika vizuri."

Nikabonyeza kwa mbele na kidole gumba. Nafasi ilikuwepo. Pembeni sikubonyeza, wala hakuna aliyefikiri kubonyeza. Mguu wa mama ulikulia peku kwenye miteremko ya Daudi, na vidole vyake vimetawanyika kila kimoja na njia yake. Ukisimama nao juu ya boksi umetulia, hausemi kitu. Ukianza kushuka mlima ndipo unapodai nafasi yake.

Tukanunua vyekundu. Nilipompandisha kwenye basi nilimwambia avivae kila siku, hata nyumbani, ili vizoee mguu. Akaitikia vizuri. Mimi nikarudi kwenye trekta, na wiki ile haijaisha nikaacha kazi na kushuka Yaeda Chini na mafundi waliokuwa wakichimba kisima, kwa sababu walihitaji dereva na kwa sababu mimi nikikaa sehemu moja muda mrefu nyayo zinaniwasha. Mtandao kule ni wa kupanda kilimani. Nilipompata mama kwenye simu nilimuuliza, "Vile viatu je?"

"Navitunza."

Nikaona ni jibu zuri. Nilikulia kwenye nyumba ileile, na kwetu kiatu kipya hakivaliwi siku ya kazi. Jumapili utawaona watu wazima wanashuka na viatu mkononi, wananawa miguu kwenye kijito kilicho chini ya kanisa, wanajifuta, ndipo wanavaa na kuingia kwa Mungu wakiwa safi. Siku nyingine ni katambuga za tairi au hakuna kitu. Sasa mama na matope yale angewezaje kuvaa viatu vya Ulaya akienda kukamua ng'ombe? Alivipaka mafuta, akavifunga kwenye kitenge, akaviweka sandukuni. Ndiyo maana ya kutunza. Mgonjwa wa akili tu ndiye angefanya vingine.

Siku ya safari alivipakata ndani ya gari mpaka uwanja wa ndege. Alivivaa palepale penye maegesho, ameketi mlangoni mwa gari, na soli zilikuwa nyeupe pe.

Asubuhi ya kwanza Bergen dada alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mvua ilikuwa ya manyunyu, na mawingu yamekaa juu ya mapaa ya nyumba za mbao.

"Ukungu huu wametuibia Daudi," alisema mama.

Njia ya dada inaanza na ngazi za mawe zinazoshuka katikati ya nyumba, inapita kando ya ziwa dogo, inapita kanisa, halafu inapanda mlima mwingine mpaka kwenye nyumba ya wazee. Dada husema ni nusu saa. Mama alishuka zile ngazi kama msichana. Chini kulikuwa na mzee akifagia mlangoni kwake.

"Hujambo baba!" mama akamwambia kwa sauti ya kuitana ng'ambo ya bonde.

Mzee akainua uso, akavua kofia, akasema maneno marefu ya kwao.

"Mama," dada akanong'ona, "huku hatusalimii kila mtu."

"Ana mdomo. Asipotaka asijibu. Si umeona amejibu?"

"Amesema mvua itaendelea."

"Basi mwambie asante. Huyu unamfahamu?"

"Namwonaga tu."

Mama akamtazama dada. Akamsalimia na mwanamke mwenye mtoto kwenye kigari, na yule mwanamke akatabasamu, akasimama kidogo. Nilitembea nyuma yao nikifurahi. Nakumbuka niliwaza kwamba wiki mbili zikiisha, mji huu utakuwa unamjua dada kama binti wa yule mama anayepiga kelele.

Kisha mama akapunguza mwendo. Alisema anaangalia nyumba. Mbele kidogo akasema anaangalia maua. Tulipofika ziwani akaketi kwenye benchi lililolowa, akasema mahali hapa pazuri, tupumzike, na baada ya kupumzika akasema turudi, kesho tutamaliza. Kuzipanda zile ngazi alishika chuma kwa mikono miwili. Bado alikuwa hajasema anaumia.

Dada ndiye aliyemvua viatu. Soksi zilikuwa zimelowa damu visiginoni, na pembeni ya vidole vidogo ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yameshapasuka. Dada akakaa sakafuni na mguu wa mama mapajani. Mama ana sukari. Kwa mtu mwenye sukari kidonda cha mguu si kidonda cha kupuuza, na dada kazi yake ni hiyohiyo, anaijua.

"Mama, hivi viatu hukuvivaa nyumbani hata siku moja?"

"Ningevivaa wapi? Kwenye tope?"

Kesho yake muuguzi alimsafisha, akamfunga, akasema mguu usiingie kwenye kiatu chochote mpaka ukauke. Tulikuwa na wiki mbili. Haukukauka.

Dada alitoka akarudi na viatu alivyonunua kwa ajili ya siku mguu utakapopona. Vilikuwa vyeusi, vipana, na soli nene inayobonyea. Mama akavigeuzageuza.

"Hivi si ndivyo vya kulinda benki?"

Tukacheka wote watatu. Halafu dada akaenda jikoni na akakaa huko muda mrefu, bomba la maji likiwa wazi.

Mama alishinda dirishani. Dirisha lile linatazama ukuta wa jirani na kipande cha ngazi. Siku moja dada alimpandisha kwenye basi, miguu ikiwa imeviringishwa bandeji na kuvalishwa kandambili kubwa, ili angalau aone mahali pa kazi. Basi lilikwenda hatua chache, likaingia kwenye handaki lililotobolewa chini ya mlima, likatokea upande wa pili, tukawa tumefika.

"Ndiyo njia yenyewe hii?" mama akauliza. "Mwanangu anapita ardhini?"

"Hapana mama, mimi napita juu. Basi ndilo linapita chini."

"Sasa nimeona nini mimi?"

Dada akainama, akamkazia bandeji.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mama aliniambia nimfuate dada asubuhi na kumchukua picha za video, njia nzima. Mimi sikuwa na shida ya miguu. Buti zangu ni za miaka, nimeshuka nazo Yaeda na kupanda nazo Hanang, na wakati mama yuko dirishani nilikuwa nimeshazunguka mji ule wote, bandarini, sokoni, vilimani, kila mahali pasiponihusu. Nikaenda. Dada anatembea haraka. Nilitembea nyuma yake na simu mkononi, mvua ikidondoka kwenye kioo, na watu walikuwa wanapita na miavuli wakiangalia chini kama yeye. Mlango wa yule mzee ulikuwa umefungwa.

Mama alitazama video mara mbili. Mara ya pili alisogeza simu karibu na uso.

"Huu ni mgongo wa dada yako," alisema.

"Ndiyo, nilikuwa nyuma."

"Mbona hakuna anayemsalimia?"

"Asubuhi watu wana haraka, mama. Na mvua."

Akanirudishia simu. Nilisubiri aseme neno lake, lile alilosema kwa wale wa Dongobesh. Hakulisema. Dada aliporudi jioni alimuuliza, "Umeiona njia yangu?" Mama akamjibu, "Nimeuona mgongo wako tu." Na dada, nilimwona, alishtuka kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi.

Kidonda kilipona Daudi, baada ya miezi, lakini kidole kimoja walikikata. Sasa mama hafiki mbali zaidi ya zizi. Dada ameuliza mara kadhaa kama anaweza kuja tena, na mama husema acha kwanza, na sote tunajua hiyo kwanza haina mwisho. Nikipita kwenye mnada wowote na kuona raba zimepangwa, mikono yangu huenda yenyewe kubonyeza pembeni. Nimekuwa fundi wa kuchagua viatu ambavyo hakuna wa kuvivaa. Ningejua wakati ule ningemwambia mama avivae vyekundu aende navyo kwenye tope, siku hiyohiyo, viharibike, vipanuke, vinuke ng'ombe. Angenikatalia. Lakini ningekuwa nimekaa Daudi kubishana naye.

Tangu turudi, dada anapiga simu kila Jumapili, na mama ana swali moja.

"Wiki hii umekutana na nani njiani?"

Mwanzoni dada alisema hakuna. Siku hizi anao watu. Kuna mzee wa kufagia, ambaye sasa ameanza kumuuliza habari za nyumbani. Kuna mwanamke wa kigari, mtoto wake ameota meno. Na kuna mama mmoja mtu mzima mwenye mbwa mweupe, anayekaa karibu na kanisa, ambaye kila asubuhi humsubiri dada wasalimiane. Huyu wa mbwa ndiye ambaye mama yetu anampenda kuliko wote.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, nimepita tu nikielekea Singida. Simu ilipokatika mama akanigeukia.

"Wewe uliipita ile njia. Yule mama wa mbwa ulimwona?"

"Nilimwona," nikasema, ingawa asubuhi ile sikuona mbwa yeyote.

"Ni mtu mzima sana?"

"Kama wewe."

"Na nani anaanza kumsalimia mwenzake?"

Nilifikiri haraka, nikaona bora heshima iende kwa dada. "Yule mama ndiye anaanza."

Mama akakunja uso. "Basi dada yako anakosea! Mtu wa umri wangu ndiye amwanze? Watasema hakufundishwa. Mpigie umwambie, kuanzia kesho aanze yeye."

Nikamwambia nitampigia. Akasema, "Sasa hivi."

Nikatoka nje penye mtandao mzuri, nikampigia dada. Nikamwambia mama amekasirika, anasema uwe unaanza wewe kumsalimia yule mama wa mbwa.



"Mama gani?" akauliza.

Nilisikia mvua ya kule kwenye simu yake, na yeye akitembea.

"Aa," akasema. "Sawa. Mwambie nitaanza mimi."